Siku Moja ni Kipimo Kidogo

Saa hizi wengi wetu tumesharudi nyumbani au tuko njiani, na wengine, walinzi na wauguzi wa zamu ya usiku, ndiyo kwanza wanajiandaa kutoka. Nataka tuliangalie jambo tunalolifanya kila jioni bila kulitengea muda, nalo ni kuihukumu siku. Mtu anavua viatu, anakaa, na kabla chai haijafika mezani hukumu imeshatoka: leo kazi imekwenda. Au: leo nimeshinda bure. Tunaitoa upesi, kwa maneno machache, kisha tunalala nayo. Nami nasema kwamba mara nyingi hukumu hiyo haina haki, maana tumeshika kipimo kidogo kuliko kitu tunachokipima.

Tuanzie sokoni. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi, na hakuna anayeisadiki methali hiyo kama mfanyabiashara mdogo. Pita Tandale au Kariakoo saa kumi na mbili unusu asubuhi, uulize bei ya fungu la nyanya. Muuzaji hakuachii uende. Atapunguza bei ambayo saa nne asingeigusa, atakuongezea na kitunguu juu yake, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza na anataka umfungulie biashara. Ukilishika fungu, ukaligeuzageuza, ukalirudisha na kwenda zako, umemwachia mkosi, na wapo watakaokusindikiza kwa maneno. Kwake yeye mauzo ya kwanza ndiyo yanayotabiri ya mchana kutwa. Ikifika saa tano meza bado imejaa, atakwambia leo aliamka vibaya.

Sasa tutoke sokoni twende kijiweni, maana huko methali hiyo hupata taabu.

Kijana wa bodaboda wa mjini, tumchukue yeyote yule, mara nyingi pikipiki anayoendesha si yake. Ina mwenyewe, na mwenyewe anataka hesabu kila siku: elfu saba, elfu nane, wengine elfu kumi, kwa kadiri walivyopatana. Wako walio kwenye mkataba, ambao wakilipa bila kukatiza kwa mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yao. Na wako wa hesabu tupu, isiyo na mwisho. Mafuta ni juu ya dereva, pancha ni juu yake, na chakula cha mchana vilevile.

Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, mambo huwa mazuri. Kuna mwanafunzi aliyechelewa, kuna mama wa ofisini asiyetaka kukanyaga tope mpaka barabara ya lami, kuna fundi na mfuko wake wa misumeno. Saa nne kijiwe kinapoa. Vijana wanajilaza juu ya pikipiki zao kivulini, drafti inachezwa kwa vifuniko vya soda, na kila anayetokea kwenye kona ya mtaa anapigiwa mluzi kabla hajaamua kama anakwenda popote. Mvua ikinyesha, abiria wanakimbilia bajaji. Kisha simu inaita: kuna mzigo wa kupeleka Mbezi, na mwenye mzigo si mtu wa kuvutana bei. Siku inafufuka. Jioni, mabasi yanapowamwaga watu vituoni, pikipiki ndizo zinazowaingiza mitaani, na pesa inaonekana tena.

Katika siku hiyo ndefu kuna dakika moja inayotawala zote, nayo ni ile ambayo hesabu inatimia. Kabla ya hapo, kila abiria anayempakia anamlipia tajiri. Baada ya hapo, kila abiria ni wake na watoto wake. Hesabu ikitimia saa saba mchana, hata kahawa inanyweka taratibu. Isipotimia mpaka saa mbili usiku, moyo unakaa juu juu kutwa, ijapokuwa katikati ya siku hiyo hiyo alipata abiria waungwana, alicheka na wenzake mpaka machozi, alimfikisha mama mjamzito zahanati kwa wakati. Mema hayo yapo, lakini hayana mahali pa kuandikwa. Jioni anapohesabu noti, hayamo.

Jambo hili, msikilizaji, si la Dar es Salaam peke yake. Teksi za New York nazo zilikuwa zikikodishwa kwa mtindo unaofanana na huo: dereva analipa kiasi maalumu kwa zamu ya saa 12, na kinachozidi ni chake. Mwaka 1997 wachumi wanne, wakiwamo Colin Camerer na Richard Thaler, walichapisha utafiti baada ya kupitia karatasi ambazo madereva wa jiji hilo walikuwa wakijaza safari zao. Mtu angetarajia dereva akeshe barabarani siku yenye abiria wengi, kwa kuwa kila saa ina malipo mazuri, na siku kavu arudi nyumbani mapema akapumzike. Wao wakaona kinyume chake. Siku nzuri dereva alifunga kazi mapema, siku mbaya alizunguka mpaka amechoka. Maelezo yao yalikuwa kwamba dereva anajiwekea lengo la siku. Akilifikia, basi. Asipolifikia, haendi nyumbani.

Wachumi nao hawakawii kubishana. Mwenzao Henry Farber alipozichambua takwimu za teksi za jiji hilohilo kwa namna nyingine hakuona kwamba lengo la siku lina nguvu kiasi hicho, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Lakini kwetu sisi wa Afrika Mashariki, ushahidi ulio karibu zaidi na nyumbani ulipatikana magharibi mwa Kenya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, pamoja na mwenzao, waliwafuatilia waendesha baiskeli za abiria, watu ambao kila siku walikuwa wakiandika kwenye daftari wamembeba nani, wamelipwa kiasi gani, na siku hiyo walikuwa wanahitaji fedha kwa ajili ya nini. Ikaonekana kwamba siku yenye haja kubwa, mtu alikanyaga pedali kwa muda mrefu zaidi, na akishaipata fedha ya haja hiyo, uwezekano wa yeye kufunga kazi uliongezeka.

Mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi anaweza kuwacheka watu hawa, akasema hawajui hesabu. Mimi siwacheki. Anayetoka asubuhi akiwa ameacha mtoto ana homa nyumbani hajajiwekea lengo kwa ukaidi. Dawa ndiyo lengo. Tena kazi ya miguu na kiuno inataka mahali pa kusimama, na mtu asipojiwekea alama ya kusimama mwili utamwekea. Hata hivyo ubaya wake uko wazi. Siku mbaya ndiyo inayomla mtu saa nyingi zaidi. Inamla akiwa amechoka, inamla usiku, barabarani kukiwa na malori yasiyo na taa na abiria walioshiba pombe. Siku nzuri, ambayo ingeweza kumwekea akiba ya kuikabili siku mbaya, inakatwa saa tisa alasiri kwa sababu imetosha. Imetosha kwa leo, lakini wiki bado ina siku zake.

Nimesema kipimo ni kidogo. Tuulize basi, nani alitukatia? Kwa sehemu jibu liko kwenye mashamba ya mkonge.

Enzi za ukoloni Tanganyika, mfanyakazi wa shamba la mkonge, Tanga au Morogoro, alikuwa akipewa kadi iliyoitwa kipande. Sisemi kile kipande cha Kenya ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho kama cheti cha utambulisho. Hiki cha Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila asubuhi mtu alipangiwa kazi yake ya siku, kiasi maalumu cha majani ya kukata na kufunga mafungu au mistari ya kupalilia, na akiimaliza, nafasi moja inatiwa alama. Nafasi zote 30 zikijaa, ndipo anapolipwa. Asipoimaliza kazi ya siku, siku hiyo haikutiwa alama. Jua lilichomoza likazama, mkonge ukamchoma mikono, lakini kwenye kadi siku hiyo haikuwapo duniani. Kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Mtu angeweza kufanya kazi ya siku 30 kwa majuma sita.

Bandarini nako, Mombasa na Dar es Salaam, wapakuaji wengi wa meli walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikiwapo kuna kazi, isipokuwapo kila mtu akatafute la kufanya. Mwaka 1947 mambo yalifurika. Mombasa iligoma mwezi Januari, mji mzima ukasimama. Dar es Salaam makuli waligoma Septemba, na mgomo ukasambaa kuelekea bara kwa njia ya reli. Walidai mshahara unaotosha maisha, na miaka iliyofuata bandari zikaanza kuwaandikisha watu na kuondoka polepole kwenye ukibarua wa siku moja moja. Watu wale walishaelewa kwamba anayelipwa kwa siku anaishi kwa siku, na anayeishi kwa siku hana nguvu ya kumwambia mwajiri neno.

Sheria zetu za leo zimelielewa hilo kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, haikuishia kusema saa 9 kwa siku. Imesema pia siku 6 kwa wiki, na saa 45 kwa wiki. Kati ya siku na siku mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Sheria imeshika vipimo viwili mkononi, siku na wiki, kwa kuwa ilijua kimoja hakitoshi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inamtazama mwajiriwa. Kijana wa bodaboda, mama lishe, fundi wa viatu pale kituoni, hawana wa kuwapa hizo saa 24. Wakijipa wenyewe, mwenye pikipiki bado atapiga simu jioni.

Lakini usidhani watu hao wamekaa wakisubiri sheria. Wanawake wetu walikwishatengeneza kipimo kikubwa zamani. Kinaitwa mchezo, wengine wanasema upatu, Kenya utasikia chama. Mama lishe kumi, au kumi na wawili, kila mmoja anatoa elfu mbili au elfu tano kwa siku, kijumbe anapita kukusanya, na kwa zamu kila mmoja anapokea fungu lote. Kuna VICOBA pia, ambako wanakikundi wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Mama aliyeuza sahani chache Jumanne kwa sababu mvua ilinyesha mchana wote ana sababu ya kutoikatia tamaa Jumanne. Anajua Ijumaa ya wiki ijayo ni zamu yake, na zamu hiyo imejengwa na siku nzuri na siku mbaya bila kuzibagua. Ni kweli, mchezo nao unadai hata siku biashara imedoda, na wako waliokopa ili wauchezee. Lakini angalau mama huyu ana swali jingine la kujiuliza jioni zaidi ya leo nimepata ngapi.

Sasa nawasikia wenye mishahara mnasema, hayo ni ya watu wa kutwa, sisi yetu inaingia mwisho wa mwezi. Ndugu zangu, nanyi mna jioni zenu nzito, na sababu yake pia ina watu walioichunguza.

Teresa Amabile wa Harvard na mwenzake Steven Kramer waliwaomba wafanyakazi 238 wa kampuni 7 waandike, kila mwisho wa siku ya kazi, maelezo mafupi ya jinsi siku ilivyokwenda. Wakakusanya shajara karibu 12,000, na mwaka 2011 wakachapisha kitabu juu yake. Walitafuta siku ambazo watu walikwenda nyumbani na moyo mweupe zina nini ambacho siku nyingine hazina. Wengi wetu tungebashiri sifa kutoka kwa bosi, au posho. Lililoongoza lilikuwa jambo la unyenyekevu zaidi: mtu alikuwa amesogeza mbele kazi yenye maana kwake, hata kwa hatua ndogo. Na siku mbaya kuliko zote zilikuwa zile ambazo kazi ilikwama au kurudi nyuma. Tena kurudi nyuma kuliuma zaidi kuliko jinsi kusonga mbele kulivyofurahisha. Walipowauliza mameneja ni kipi kinachompa mtu ari ya kazi, wengi waliliweka jambo hili la kusaidiwa kusonga mbele mwisho wa orodha.

Hebu liangalie hilo ukiwa dirishani kwenye ofisi yoyote ya umma au benki. Wewe umekuja na faili lako, umepanga foleni tangu saa mbili, na saa sita unaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho. Unaondoka umenuna, na una haki. Lakini na yule karani uliyemwacha nyuma ya kioo, siku yake nayo imekufa. Tangu asubuhi hajamaliza jambo hata moja la mtu hata mmoja. Amesema njoo kesho mara nyingi kuliko alivyosema habari za asubuhi. Mshahara wake wa siku hiyo haukupungua hata senti, na bado atafika nyumbani mwenye hasira ambayo mkewe hataijua ilikotoka. Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto themanini anaweza kumaliza siku hana sauti, amekosa hata muda wa kusahihisha daftari zote. Lakini kama mtoto mmoja aliyekuwa akichanganya silabi ba na da ameacha kuzichanganya, mwalimu huyo ataondoka akijisikia mwalimu. Siku mbili zilizo sawa kwa uchovu, moja imesogeza kitu na nyingine haikusogeza.

Kwa hiyo ukiwa kiongozi wa watu kazini, kabla ya kufikiria semina ya kuwapa motisha, chunguza kinachowakwamisha. Pengine ni saini moja inayosubiri mtu aliyesafiri, au printa isiyo na wino. Kuna mahali watu wanne wanasubiri ufunguo wa stoo. Ukiufungua mkwamo huo umewapa watu wanne siku nzuri, na hukutumia bajeti.

Bado tuna jambo la saa. Nilisema muuza nyanya anaiona siku njema asubuhi. Wanasaikolojia wana shaka naye. Mwaka 1993 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, yeye na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine mkono mwingine ulikaa sekunde 60 hizohizo, kisha ukaachwa humo sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa polepole mpaka kama nyuzi 15, ambayo bado ni baridi ya kuuma. Walipoulizwa ni ipi wangekubali kuirudia, wengi walichagua ile ndefu. Walichagua maumivu zaidi, kwa kuwa yaliishia pazuri kidogo. Kumbukumbu, alisema Kahneman, haijumlishi dakika zote. Inashika pale palipochoma sana na pale palipoishia.

Sasa fikiria siku ya mtu wa Dar es Salaam inaishia wapi. Inaishia kwenye daladala la Gongo la Mboto au Mbagala, amesimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika bomba, kwapa la jirani liko usawa wa uso wake, na foleni haisogei. Huko kazini pengine saa nane alifanya jambo la kujivunia. Kufika nyumbani jambo hilo limeshafutwa na foleni. Anaulizwa, za kazi? Anajibu, kazi mbaya. Kumbe kazi ilikuwa nzuri, kibaya kilikuwa njia. Tunaisingizia kazi makosa ya barabara, na wakati mwingine tunaisingizia nyumba makosa ya kazi.

Dawa yake si mpya. Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ana sehemu nzima katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini inayozungumzia muhasaba, yaani mtu kuihesabia nafsi yake. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unakubaliana naye masharti, mchana unamchunga, na jioni mnakaa chini mnaangalia mtaji, faida na hasara, kama wafanyavyo wafanyabiashara na washirika wao. Wakristo wanaofuata njia ya Ignatius wa Loyola nao wana desturi ya kuipitia siku mwishoni mwake, wakitazama walipopata faraja na walipoipoteza. Kinachonivutia katika desturi hizi ni kwamba zinadai siku nzima ipitiwe, asubuhi yake, mchana wake na jioni yake. Haziruhusu saa moja, eti kwa kuwa ilipiga kelele zaidi, izisemee saa nyingine zote.

Wala huhitaji msala au kanisa ili kulifanya hili, ingawa vyote viwili vinasaidia. Ukiwa umesimama kwenye daladala hilohilo, jiulize leo nini kimesogea. Usiulize kimekamilika nini, maana vitu vya maana havikamiliki kwa kutwa moja. Nyumba haijengwi Jumatatu, mtoto hafundwi Jumatano, na deni la pikipiki haliishi Alhamisi. Jiulize tu nini kilikuwa hapa asubuhi na sasa kiko pale. Ukikipata, hata kama ni kidogo, hicho ndicho kiingie nyumbani pamoja nawe. Usipokipata, iandike siku hiyo kuwa moja kati ya sita, kisha ulale.

Nayasema haya nikijua kwamba kuna watu ambao siku moja mbaya maana yake ni watoto kulala na uji mtupu. Kwao maneno ya redio hayageuki unga. Hao wanahitaji wenye uwezo wa kupanua kipimo wakipanue. Wewe mwenye pikipiki tatu mtaani, unaweza kupokea hesabu kwa wiki badala ya kwa siku. Wako wamiliki wanaofanya hivyo, na wako wanaomwachia dereva Jumapili iwe yake yote. Jumanne ya mvua itafidiwa na Ijumaa ya mishahara, na kijana wako hatakuwa na sababu ya kukimbizana na lori saa tano usiku kwa ajili ya elfu mbili iliyopungua. Wewe mkuu wa idara, kama una neno kali la kumwambia mtu, usimwite saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mwite asubuhi, apate mchana mzima wa kulijibu kwa kazi, kuliko kumpa hilo neno ndilo liwe mwisho wa siku yake.

Na sisi wengine wote, tusio na pikipiki wala idara, tunayo sehemu yetu, tena si ndogo. Kila jioni kuna mtu ambaye sisi ndio mwisho wa kazi yake. Konda wa daladala la mwisho, mama anayefungasha masufuria, dada wa dukani aliyekwishashusha pazia nusu, mlinzi anayetufungulia geti. Kama wenye elimu yao wanasema kweli, basi tukimwachia ugomvi wa shilingi mia, tumemwachia huo kuwa siku yake nzima. Nauli iwe mkononi kabla hujafika kituoni. Pole na kazi isemwe akiisikia. Mama lishe akikwambia chakula kimekwisha, mwambie basi leo umeuza, afurahi.

Na wewe ukifika nyumbani, wakikuuliza kazi imekwendaje, waambie swali hilo waliulize Jumamosi. Mimi naishia hapo, msikilizaji. Nakutakia wiki njema.